Arosto Imekwisha. Halafu?

Hotuba hii, kuhusu uraibu wa dawa za kulevya na tiba yake, niliitoa mbele ya wazazi, wajumbe na viongozi wa dini wa Magomeni, Dar es Salaam. Wengi mliokuwa ng'ambo ya Jangwani mvua iliwazuia, maana barabara ilikuwa maji matupu. Naiweka hapa nzima kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, hata pale ukumbini hakuna aliyezitazama.

Waheshimiwa wenyeviti wa serikali za mitaa, mashehe wetu, wachungaji wetu, wazazi wenzangu, na nyie vijana mliosimama mlangoni kama mnasubiri daladala: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za jioni.

Mwenyekiti amenitambulisha kwa maneno mengi, namshukuru. Yanayohusika leo ni mawili. Mimi ni muuguzi mstaafu. Na mimi ni dada wa teja.

Nimesema teja, na najua wataalamu wanataka tuseme mraibu. Wana haki. Teja limekuwa tusi, na mgonjwa hatukanwi kwa ugonjwa wake. Ila leo nitalitumia mara moja moja, kwa sababu ndilo mnalolisema nyumbani, na kwa sababu watu husema limetoka kwenye "mteja". Mteja wa nani? Mnamjua. Halafu ukimpigia simu mwanao saa nane za usiku unaambiwa nini? Mteja unayempigia kwa sasa hapatikani. Mnacheka. Na mimi nilicheka mpaka ikawa simu ya kwetu.

Niwaulize. Nani humu ndani hajawahi kumwona kijana amesimama kando ya barabara, magoti yamelegea, kichwa kinashuka, kinashuka, paji la uso linakaribia lami, na haanguki? Nyoosheni mikono. Hakuna. Sote tumemwona. Watoto wetu wanamchezea kamari. Nimewasikia kwa masikio yangu, hapo nyuma ya soko, watoto wa darasa la pili wanawekeana shilingi mia: ataanguka, haanguki.

Sasa swali la pili. Yule amekula nini?

Nasikia "unga". Nasikia "kokeni" huko nyuma. Nani kasema kokeni? Usijifiche baba, sikugombezi, umenisaidia sana. Hapo ndipo ninapotaka kuanzia.

Sisi mji huu kila kitu cheupe tunakiita unga. Anayesinzia barabarani, unga. Anayekesha baa siku tatu halali, unga. Gazeti likiandika mzigo umekamatwa uwanja wa ndege, tunasema unga. Lakini ndugu zangu, hivi ni vitu viwili, na tiba yake haifanani. Yule anayekaribia kugusa lami kwa paji la uso amekula heroini. Heroini inatoka kwenye mmea wa afyuni, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya hiyo inayotufikia imetoka Afghanistan. Inashuka pwani ya Iran na Pakistan, inapandishwa majahazini, na inakuja huku kwa bahari ile ile iliyotuletea tende na mazulia. Inalaza. Inapunguza maumivu, inapunguza mawazo, inapunguza na pumzi. Ikizidi, pumzi inakoma. Hivyo ndivyo inavyoua.

Kokeni ni mambo mengine. Inatoka kwenye majani ya koka, Amerika ya Kusini: Kolombia, Peru, Bolivia. Haimlazi mtu, inamwamsha. Moyo unakimbia, mishipa inabana. Anayeinusa raha yake ni nusu saa, pengine haifiki. Anayeivuta kama moshi ni dakika chache tu. Ndiyo maana anarudia, na anarudia, na anarudia mpaka alfajiri. Akiteremshia na pombe, na wengi huteremshia na pombe, ini lake linapika sumu ya tatu, nayo inaupiga moyo kuliko hizo mbili za kwanza. Basi unasikia msiba: kijana wa miaka thelathini na tano, alikuwa mzima, kadondoka tu bafuni. Watu wanasema karogwa.

Kwa nini nasumbuka na habari ya majina? Nitawaambia.

Kabla sijastaafu nilikuwa nakaa kwenye dirisha la dawa. Asubuhi moja alikuja baba mmoja, shati limenyooshwa pasi, funguo za gari mkononi, mkewe nyuma yake amejitanda kanga usoni asitambulike. Foleni yetu ilimshangaa. Akainama dirishani akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, nimekuja kwa ile dawa ya mateja." Nikamuuliza anakula nini. Unga. Nikamuuliza, ukiukosa, viungo vinauma? Unaharisha? Makamasi, machozi, kupiga miayo? Akasema, "Hapana dada. Nikiukosa nalala siku mbili. Nikiamka nataka kufa."

Ile ilikuwa kokeni. Na dawa iliyokuwa nyuma yangu, methadoni, kwa kokeni haifanyi kitu. Haikutengenezwa kwa ajili yake. Tena hata leo hakuna kidonge wala maji ya dawa yaliyothibitishwa kuitibu kokeni, si hapa tu, popote. Kinachomsaidia ni watu: mshauri anayeijua kazi yake, kikundi cha wenzake, mahali pa kukaa mbali na ile simu inayoita usiku, na miezi, si siku. Nilipomwambia hivyo mkewe alinitazama kama nimempokonya mtoto mgongoni. Wamekuja na gari, wana fedha, wamemeza aibu mpaka wakasimama foleni moja na wapiga debe, na mimi nawaambia hapa si kwenu. Akaniuliza, "Sasa twende wapi?"

Ndugu zangu, mji wa mamilioni ya watu. Nilikaa kimya.

Nikamwandikia namba ya simu nyuma ya kipande cha boksi la glavu, namba ya mtu niliyesikia anaendesha nyumba ng'ambo ya Kigamboni. Ndivyo rufaa ilivyokuwa: kipande cha boksi. Miaka miwili baadaye nilikutana na yule mama Kariakoo, mtaa wa vitenge. Aliniambia mumewe mwishowe alivuka kwenda Zanzibar, akakaa kwenye nyumba ya soba, nyumba ambayo waraibu wanakaa pamoja wakijifunza kuishi bila dawa za kulevya, miezi minne. Wenzetu Zanzibar walitutangulia. Tangu mwaka 2009 wana nyumba hizi, nyingi zinaendeshwa na watu waliopita humo humo kwenye uraibu. Nikamuuliza, na sasa? Akasema mshahara unaingia kwenye akaunti yake yeye mke. Asubuhi mume anapewa nauli ya kwenda na ya kurudi. Chakula anabeba. "Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, dada. Aliniambia, usiniachie noti ya elfu kumi mfukoni, noti ya elfu kumi ina mdomo."

Noti ina mdomo! Mimi nilisoma uuguzi miaka mitatu na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza uraibu vizuri hivyo.

Sasa niingie kwa mdogo wangu. Nitakwenda taratibu, mtanivumilia.

Ilikuwa 2003. Mama yetu alikuwa hai. Mdogo wangu, wa kunifuata, alikuwa anapiga debe Kariakoo, kijana mcheshi, abiria wanampenda. Alianza kwa kokteli, unga kwenye sigara ya bangi. Unga wa kuvuta ulikuwepo mjini tangu miaka ya themanini, lakini kuelekea mwaka 2000 uliingia ule mweupe unaoyeyuka vizuri kwenye maji, na vijana wakaanza kujidunga. Na yeye akaingia kwenye sindano. Vitu nyumbani vikaanza kutembea. Kwanza pasi. Halafu redio. Halafu bomba la maji la uani, akaling'oa akaliuza kama chuma chakavu, tukaamka uwanja umekuwa ziwa.

Tulikuwa na chumba uani cha kuwekea mkaa. Tukakitoa mkaa, tukaweka godoro, tukamfungia. Mguuni mnyororo. Kufuli nilifunga mimi. Mimi, muuguzi, mwenye sare na cheti.

Mnajua arosto, yale mateso ya mwili anayepata mraibu akiukosa unga? Wengi hapa mnaijua, hamtaki tu kuonyesha. Jioni ya kwanza alipiga miayo. Miayo tu, na machozi, na makamasi, kama mtu mwenye mafua. Siku ya pili vinyweleo vilisimama kama vya kuku aliyenyonyolewa. Akatapika, akaharisha, miguu inapiga teke yenyewe mpaka mnyororo ukamchubua. Siku ya tatu alimwita mama kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hata sisi hatukujua analijua. Mama alikaa nje ya mlango na tasbihi. Mimi nilikaa na ndoo.

Wiki ilipotimia, akaomba chai na chapati. Siku ya tisa nikafungua kufuli. Akaoga, akakata nywele, akavaa shati la marehemu baba. Jumapili tukapika pilau. Majirani walikuja, na baadhi yao mko humu, mlikula ile pilau. Tulisema nini? Kapona! Arosto imekwisha, kapona!

Halafu?

Siku ya kumi na mbili aliomba nauli aende Manzese kumsalimia rafiki. Nikampa. Walimkuta kesho yake kwenye pagale, Kigogo, ameegemea ukuta, sindano ipo bado. Polisi mmoja, mtu mzima, aliniambia kitu ambacho kilipaswa kutoka kinywani mwangu. Alisema, "Hawa wakitoka lokapu ndiyo tunawaokota. Wanarudia dozi ile ile ya zamani."

Dozi ile ile. Sikilizeni vizuri hapa, yasahaulike mengine yote, hili msilisahau. Anayekula heroini kila siku, mwili wake unaizoea, anaongeza na kuongeza. Kinachomtosha yeye kingemuua mtu mwingine. Akikaa siku kumi bila kula, mwili unasahau. Lakini kichwa hakisahau. Kichwa kinakumbuka kiasi, kinakumbuka kijiwe, kinakumbuka hata harufu ya kiberiti. Anatoka na mwili mpya na kumbukumbu ya zamani, anajidunga kile kile, pumzi inasimama. Arosto yenyewe inatesa mno, lakini ni nadra kuua. Anayekufa mara nyingi ni yule aliyeimaliza. Anayekufa ni yule tuliyempikia pilau.

Kwa hiyo nikisikia mzazi ananiambia "nimemfungia ndani wiki mbili, sasa yuko safi", moyo wangu unaruka. Nikisikia mwenyekiti anasema vijana wamekusanywa, wamekaa rumande, wametoka wamenenepa, moyo wangu unaruka. Amekamatwa, halafu? Ametoka, halafu? Amerudi mtaani kwake, kwenye pagale lile lile, kwa wauzaji wale wale ambao wote tunawajua na hatuwataji. Halafu?

Tena msidhani wenyewe hawaijui hofu ya arosto. Mwaka 2005 watafiti waliandika jambo lililokuwa linafanyika hapa hapa Dar es Salaam kati ya wanawake wanaojidunga. Aliyepata unga akijidunga, anavuta damu yake mwenyewe kwenye bomba la sindano, damu iliyokwisha kuingia dawa, anampa mwenzake aliyekosa hela ajidunge hiyo, apate kupunguza arosto. Mama pale mbele umeziba mdomo. Na mimi niliziba. Nilikaa siku nyingi nikifikiria wale wanawake. Hawana kitu, hawana kwao, na bado mmoja anamwonea mwenzake huruma kiasi cha kumpa damu. Na kwa huruma ile ile wanapeana na virusi. Makadirio ambayo nchi yetu ilitumia kwa miaka mingi ni kwamba katika kila watu watatu wanaojidunga, mmoja ana VVU. Mtu aliyefika pale hashindwi na adhabu. Utamtishia nini ambacho hajakiona?

Niwape na la heri, nisiwamalize.

Februari 2011, Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Ilikuwa miongoni mwa kliniki za kwanza za umma za aina hiyo kusini mwa Sahara. Ikafuata Mwananyamala, ikafuata Temeke, na baadaye mikoani: Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga. Mdogo wangu alikosa kwa miaka minane.

Methadoni ni nini? Ni maji ya dawa, anakunywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Inakaa mwilini siku nzima na zaidi. Haimlevyi akipewa kipimo chake, inazuia arosto, inazima ile kiu. Najua mtasema, hayo si kubadilisha unga kwa unga wa serikali? Shehe mmoja aliniuliza hivyo kwa upole kabisa, nikamwuliza na mimi: mwenye kisukari anayejidunga insulini kila siku, naye ni teja? Akacheka. Mfano wangu haukai sawa kila upande, nakubali, maana methadoni nayo ina utumwa wake, na kuitoka ni safari. Lakini nimewaona kwa macho. Mtu anakuja mwezi wa kwanza ana vidonda, ananuka, anagombana kwenye foleni. Mwezi wa tatu anakuja ameoga. Mwezi wa sita anaomba awahishwe, anakwenda kazini.

Dirishani kwetu tulikuwa na desturi. Ukimaliza kunywa kikombe chako, unapewa maji, halafu lazima useme neno. Lolote. Tunataka kuhakikisha umemeza, hukuficha shavuni ukauze nje. Wengi husema "asante" au "kesho". Alikuwapo mama mmoja, ana mtoto mgongoni, yeye kila siku alisema jina la mtoto. Anakunywa, anafuta mdomo, anasema jina la mwanawe, anaondoka. Miezi mitano. Halafu akakatika siku tatu. Aliporudi nikamuuliza, mwenzangu, ulikuwa wapi? Nauli. Alikuwa anatoka Mbagala, daladala mbili kuja na mbili kurudi, na siku hizo tatu hakuwa nayo. Angefanya nini aipate? Alinitazama tu, wala hakunijibu. Mnajua wanawake wale hulipa na nini.

Hebu na tufikiri pamoja. Dawa ni bure. Daktari ni bure. Nauli si bure, kila siku, Jumapili na Idi. Ukipata kibarua cha kuanza saa kumi na mbili asubuhi, na dirisha linafunguliwa baadaye, unachagua nini? Kibarua au dawa? Ukipata kazi ya ujenzi Morogoro, utakunywa wapi? Kijana ananiambia, "Mama, nimeacha unga nikawa nimefungwa kamba ndefu kutoka nyumbani mpaka hospitali." Siwezi kumkatalia.

Na mtakapopita kwenye foleni hizo, tazameni wanawake ni wangapi. Wachache mno. Si kwamba hawali unga. Wanaogopa kuonekana. Mwanamume akitoka kwenye unga mnamwita shujaa, mnampa maikrofoni msikitini na kanisani. Mwanamke akitoka mnamuuliza alikuwa analala wapi. Na nyumba za soba nyingi ni za wanaume. Mwenye mtoto mchanga ataingia wapi, na mtoto amwachie nani?

Kuhusu nyumba hizi za soba nitasema na lisilopendeza, maana nisiposema nitakuwa nimewauzia mbuzi kwenye gunia. Zipo nzuri, nimekwenda, nimekula nao. Asubuhi wanafagia, wanakaa duara, kila mtu anasema hali yake, wanapika wenyewe. Kuna mpangilio hata wa zamu ya kuosha masufuria, na ukikosa zamu unaulizwa mbele ya wote. Na zipo ambazo ni jela yenye bango. Nimewahi kuingia moja, siitaji, nikakuta chumba kimoja vijana kama ishirini, mlango umefungwa kwa nje, wawili wana alama za fimbo mgongoni. Mwenye nyumba ananieleza kwa fahari kwamba hapa hakuna anayetoroka. Hakuna daktari anayefika. Wazazi wanalipa kila mwezi, wanashukuru. Nilitoka pale miguu inatetemeka. Kile chumba nilikijua. Kilikuwa chumba chetu cha mkaa, wamekiongeza ukubwa.

Kwa hiyo ukitaka kumpeleka mwanao, nenda kwanza mwenyewe. Uliza: nani anawatibu wakiugua? Naweza kumwona kila lini? Akitaka kuondoka inakuwaje? Akimaliza, nani anamfuatilia? Wakikwepa hilo la mwisho, usimpeleke mwanao hapo.

Waheshimiwa, najua mnasubiri niseme habari ya wauzaji. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilikamata kilo 3,182, heroini na methamfetamini, hapa Dar es Salaam na Iringa. Kilo elfu tatu na zaidi! Nilipiga makofi sebuleni peke yangu. Wakamate, wafunge, sheria ya 2015 ipo na ina meno. Lakini mimi ni mtu wa dirishani, nafikiria foleni. Mzigo ukikamatwa, kijiweni unga unapungua, bei inapanda, wauzaji wanachanganya na visivyojulikana. Usiku huo watu wangapi mjini wanaingia arosto kwa pamoja? Baadhi yao usiku huo huo wako tayari kuacha, kwa sababu hawana jinsi. Ni nafasi ya dhahabu. Halafu? Vitanda viko wapi? Asubuhi yule aliyekuwa tayari ameshapata kete nyingine, ya bei ya juu, na saiti mira ya gari lako haipo.

Leo nimekuja kuomba, sikuja kufundisha tu. Naomba kila wilaya ya mji huu, Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni, iwe na nyumba moja ya umma ya kupata nafuu, ambayo mtu wa kipato cha mama ntilie anaweza kuingia. Na ndani yake kuwe na upande wa wanawake wenye watoto. Na awepo mshauri wa wale wa kokeni, wasiambiwe hapa si kwenu kama nilivyowaambia mimi. Naomba nyumba zilizopo zikaguliwe bila taarifa, saa ambayo hawajapanga vitanda. Mwenyekiti, hili la ukaguzi halisubiri bajeti, unaweza kulipeleka kwenye kikao chenu cha mwezi huu. Na hapa mtaani naomba kitu kidogo zaidi: fundi mmoja mwenye gereji, fundi seremala mmoja, mama mmoja mwenye mgahawa, mniambie mtampokea mmoja mmoja anayetoka soba, kwa majaribio, kwa ujira mdogo mnaolipa kila siku jioni mkononi mwa mtu atakayemtaja yeye. Kumbukeni ile noti.

Mtaibiwa? Pengine mtaibiwa. Sitawaficha. Wengi wanarudia, mara moja, mara tatu, kabla hawajatulia. Mgonjwa wa shinikizo la damu akiacha vidonge likapanda, hatumwambii umetuaibisha ondoka nyumbani. Tunamrudisha hospitali.

Nimeambiwa muda umekwisha. Kuna mkono pale nyuma. Sema mama, sauti juu, wasikie.

Mama anauliza hivi, nimrudie kwa wasiosikia: mwanawe anatoka soba Ijumaa hii, amekaa miezi sita, alikuwa anaiba. Je, afunge kabati au akimfungia ataona haaminiwi?

Funga kabati, mama. Ufunguo weka kwenye pindo la kanga yako, na mwambie mwenyewe mapema kwamba umefunga, asije akalijaribu akaona aibu. Chakula chake kifunike uache mezani. Na uniambie alikuwa anakula nini, maana Ijumaa hiyo hiyo asubuhi nataka awe ameshaandikishwa kwa mtu wa kumwona Jumatatu. Usiondoke kwanza, nashuka hapo ulipo.